Dakika Tatu za Sataranji

Wapo wanaoshikilia kwamba anayetaka kuwa hodari wa sataranji ya haraka kwenye intaneti hana budi kucheza michezo 100 kwa siku. Nakataa kabisa. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu niliyaona mazoezi mengi yasiyosahihishwa. Mwanafunzi hukomaa katika kosa lake.

Mwaka 1946 Mholanzi Adriaan de Groot alitoa utafiti wake. Aliwaonyesha wachezaji ubao kwa sekunde chache, kisha akauondoa. Mabingwa walizipanga upya karibu kete zote. Wachezaji wa kawaida walibabaika. Mwaka 1973 Chase na Simon, Wamarekani, walizitawanya kete ovyo ubaoni, na tofauti hiyo ikakaribia kutoweka. Basi bingwa hana jicho la ajabu. Anayatambua maumbo aliyoyasoma kwa utulivu miaka mingi.

Mjukuu wangu hucheza kwa dakika 3, sekunde 2 zikiongezwa kila hatua. Jioni moja alimzidi mwenzake malkia mzima, akashindwa kwa saa. Akailaumu simu! Tulipoupitia mchezo tukaona hatua ya nane, anayoijua kama jina lake, ilimla sekunde 40. Siku hizi hufumbua mafumbo 20 asubuhi, hucheza michezo mitano tu, na kila alioshindwa tunaukagua pamoja. (Mimi hunishinda sasa, na sifurahi kama inavyonipasa.)

Hao wa michezo 100 waniambie: makosa yao huyasahihisha saa ngapi?