Je, Kuna Dharura ya Kurudi Windows?



Mwezi huu twayaweka kando mazungumzo yetu ya malezi, kwa kuwa limetufikia swali la kijana mmoja wa hapa Goweko, nasi twaona kuwa ni swali la nyumba nyingi. Kijana huyu alihitimu msahafu katika chuo chetu na sasa yuko sekondari. Baba yake alimnunulia kompyuta mpakato iliyokwisha tumika, na ndani yake mlikuwa na Windows ya wizi, yaani ile iliyovunjwa kufuli kwa programu nyingine ili isidai malipo. Alipolitambua hilo moyo wake haukutulia. Akaifuta, akaweka Linux, ambayo wenyewe huitoa bure kwa ridhaa yao. Nasi tulimsifu kwa hayo.

Baada ya miezi kadhaa kibodi yake ikaharibika, akaipeleka kwa fundi. Fundi alipoifungua akamwambia kwamba famuwea ya mashine ile imezeeka mno, nayo haisasishwi ila kwa Windows. Basi amruhusu airudishe. Na Windows aliyokuwa nayo fundi ni ile ile ya kuvunjwa kufuli. Kijana akatujia baada ya sala ya alasiri, akaamkia, akasema: "Maalim, mimi sitaki kurudi. Lakini ikiwa hakuna njia nyingine, je, hii si dharura?"

Swali hili lina pande mbili, na upande wa pili ndio unaoamua ule wa kwanza.

Ama kuhusu Windows ya wizi, jambo lenyewe si geni kwa wanavyuoni wetu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Kuwait mwezi wa Desemba mwaka 1988, na katika uamuzi wake namba 43 likasema kuwa haki za mtunzi, za mvumbuzi na za jina la biashara ni mali inayolindwa kisheria, wala haijuzu kuzivamia. Basi anayetumia kazi ya mtu kwa kuvunja kufuli lake asijidanganye kwamba kilichoibwa hakishikiki mkononi. Lakini tusieleweke vibaya. Aliyeinunua Windows kwa haki, au aliyenunua mashine iliyokuja nayo kwa haki, hana lawama yo yote, na wala hatusemi kwamba Linux ina thawabu kwa jina lake.

Dharura nayo yajulikana na kila aliyesoma fiqhi kidogo. Huwapo pale ambapo milango ya halali imefungwa yote. Basi yatupasa tuuulize mlango wenyewe: ni kweli kwamba famuwea haisasishwi ila kwa Windows?

Kwanza tueleze famuwea ni kitu gani, maana tumeona hata wanaotumia kompyuta kila siku hawaijui. Wazee wetu wa Unyamwezi waliosafiri na misafara kutoka Tabora hadi Bagamoyo walikuwa na kirangozi. Yeye ndiye aliyetangulia mbele, msafara wote ukamfuata nyuma pamoja na mizigo na tajiri mwenye mali. Tajiri aweza kubadilika, leo Mwarabu, kesho Mnyamwezi mwenyewe, na kirangozi akabaki yule yule. Famuwea ndiyo kirangozi wa kompyuta. Ni programu ndogo iliyoandikwa na mtengenezaji wa mashine ndani ya chipu moja katika ubao wake, wala haikai katika diski. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, hiyo ndiyo huamka kwanza, ikaitambua betri, kibodi na kumbukumbu, kisha ikaiamsha Windows au Linux na kuikabidhi kazi. Zamani ikiitwa BIOS. Ya mashine za sasa huitwa UEFI, ijapokuwa mafundi wengi wangali wakitumia jina la kale.

Kwa hiyo kijana wetu alipoifuta Windows alimbadilisha tajiri tu. Na kirangozi akiwa na kasoro, msafara wote umo hatarini. Mwaka 2018 watafiti wa ESET walitangaza khabari za kirusi walichokiita LoJax, kilichojificha ndani ya chipu hiyo hiyo, hata mtu akifuta diski yote au akanunua nyingine, chenyewe kipo. Na mwezi wa Desemba 2023 zikatangazwa kasoro zilizoitwa LogoFAIL, zilizokuwa katika famuwea za watengenezaji wengi kwa pamoja, mahali pale panaposomwa picha ya nembo inayotokea mashine ikiwashwa. Dawa ya mambo hayo ni famuwea mpya kutoka kwa mtengenezaji. Fundi basi hakukosea aliposema kwamba isasishwe.

Alipokosea ni katika njia. Wala hatumwiti mwongo, kwa kuwa alijifunza ufundi katika miaka ambayo neno lake lilikuwa karibu na kweli. Wakati ule watengenezaji wengi walitoa famuwea katika faili linalofunguka ndani ya Windows tu, na mwenye Linux akabaki akihangaika. Lakini mwaka 2015 Richard Hughes, mhandisi wa kampuni ya Red Hat, alianzisha hazina moja iitwayo LVFS, ambamo watengenezaji wenyewe huweka famuwea zao, pamoja na programu iitwayo fwupd inayozichukua humo na kuzifikisha katika mashine yenye Linux. Dell walitangulia; Lenovo wakajiunga mwaka 2018; na wengine wakafuata. Si watengenezaji wote, wala si kila mashine ya mtengenezaji aliyejiunga, kwa hiyo sharti mtu atazame yake.

Kutazama si kazi ngumu. Katika Linux nyingi za sasa, kama Ubuntu na Fedora, fwupd imo tayari. Hufunguliwa dirisha la kuandikia amri, ikaandikwa fwupdmgr get-devices, nayo hutaja vifaa inavyovitambua na matoleo ya famuwea zake. Kisha fwupdmgr refresh huleta orodha mpya kutoka katika hazina. Ya tatu, fwupdmgr get-updates, husema kama lipo toleo jipya. Ya nne, fwupdmgr update, ndiyo inayofanya kazi yenyewe, nayo huuliza kwanza kabla ya kutenda. Faili hupakuliwa, likawekwa mahali pake, kisha kompyuta ikizimwa na kuwashwa, famuwea ya zamani hulikagua sahihi ya mtengenezaji na kujiandika upya kabla Linux haijaamka. Bando litumikalo ni dogo.

Jambo moja huwakwaza wengi. Ikiwa Linux iliwekwa kwa mtindo wa kale, si kwa mtindo wa UEFI, njia hii haitafanya kazi kwa famuwea ya mashine yenyewe. Anayetaka kuhakikisha atazame kama ipo folda /sys/firmware/efi. Isipokuwapo, ajue kwamba aliwekewa kwa mtindo wa kale.

Na mashine ambayo haimo katika hazina? Hata hapo mlango wa halali haujafungwa. Watengenezaji kadhaa wameweka ndani ya famuwea yenyewe sehemu ya kujisasisha kwa flashi. Katika kompyuta nyingi za Dell, kwa mfano, faili hupakuliwa kutoka katika tovuti ya Dell, likawekwa katika flashi iliyopangwa kwa mtindo wa FAT32, kisha mashine ikiwashwa hubonyezwa F12 na kuchaguliwa sehemu ya kusasisha BIOS. Jina la faili laishia kwa herufi za Windows, lakini Windows haihitajiki. Kwa ThinkPad nyingi za Lenovo za zamani hupatikana faili la CD ya kuwashia. Tahadhari kubwa hapa ni kwamba faili litoke kwa mtengenezaji mwenyewe na liwe la aina ile ile ya mashine, herufi kwa herufi, si la mashine inayofanana nayo.

Sasa tufike pale ambapo sisi wenyewe tuliteleza. Miaka kadhaa nyuma chuo chetu kilipewa kompyuta na mtu mwema, iwe ya watoto kujifunza. Betri yake ilikuwa imekwisha kufa, ikategemea umeme wa ukutani peke yake. Mwanafunzi mmoja mkubwa akatuomba ruhusa aisasishe kwa flashi, nasi tukasema haina neno. Mstari ulipofika kama nusu ya kioo, umeme ukakatika Goweko nzima. Uliporudi, mashine haikuwaka tena. Taa ndogo tu, na kioo cheusi. Ikabidi ipelekwe Tabora mjini, ambako fundi aliifungua na kuiandika chipu kwa chombo maalumu, na gharama yake tuliitoa mfukoni mwetu, kwa kuwa mali ilikuwa amana na ruhusa tulitoa sisi. Mwanafunzi yule alilia. Nasi tulimwambia kwamba kosa si lake.

Kwa hiyo twasisitiza: betri iwe nzima na imejaa, na chaja iwe imechomekwa, vyote viwili kwa pamoja. Kwa mashine nyingi fwupd yenyewe hukataa kuanza ikiona chaja haipo au betri imepungua, ikikataa, isilazimishwe. Mkiwa katika siku za umeme wa kukatika-katika, ngojeni. Faili za mtu zihifadhiwe kwanza mahali pengine. Na kazi ikishaanza, kioo kikawa cheusi au mashine ikajizima na kujiwasha mara mbili tatu, asiguse mtu kitufe, wala mama asiichomoe chaja ili achaji simu.

Kijana wetu tulimjibu kwamba hana dharura. Mashine yake ilikuwamo katika hazina, na betri yake ilikuwa ya kuaminika. Tulikaa naye Alhamisi baada ya darsa, akaandika amri zile nne mwenyewe, mashine ikajizima, ukatokea mstari mweupe ukitambaa, nasi hatukusema neno mpaka ulipomalizika. Linux ikaamka kama kawaida. Akatazama toleo, akaona namba imebadilika.

Jumamosi yake akarudi kwa fundi kuichukua kibodi ya zamani, akamweleza yaliyokuwa. Fundi akamwomba amwandikie amri zile katika karatasi, akaibandika ukutani juu ya meza yake ya kazi.