Vueni Filta, Walioko Pembeni Nao Waonekane

Siku utakapopita karibu na ofisi ya mwalimu mkuu, hebu simama kidogo uitazame ile picha kubwa ya shule nzima iliyopigwa mwaka 2023. Katikati utawaona walimu wetu wameketi, nyuso zao zinang'aa kama sarafu mpya. Sasa telezesha macho polepole hadi kona ya chini upande wa kulia. Utaona nini? Giza. Ndani ya giza hilo mna vivuli vitano vilivyoketi nyasini, nasi ndio tuliokuwa Kidato cha Kwanza mwaka ule. Mimi ni kivuli cha pili. Katika kona ya kushoto ameketi mzee wetu wa jikoni, yule aliyetupikia githeri siku zote. Alistaafu mwaka uliofuata, na sijui picha nyingine aliyopigwa hapa shuleni. Usipoambiwa kwamba ni yeye, huwezi kumtambua.

Mama yangu alipokuja siku ya wazazi, aliitafuta sura yangu katika picha hiyo mpaka akachoka. Kisha akanigeukia na kuniuliza, "Kwani siku hiyo mlikuwa mmetumwa karo?"

Jamani, haikuwa karo. Ilikuwa filta.

Kabla hujacheka, wacha nieleze. Sizungumzii zile filta za simu zinazomtia binadamu masikio ya mbwa. Nazungumzia kioo cha mviringo kinachokazwa mbele ya lenzi ya kamera. Kwa Kiswahili chetu tungekiita chujio, na kwa kweli kazi yake haina tofauti sana na ile ya chujio la chai: kuna kinachopita na kuna kinachozuiwa. Maoni yangu ni haya, nami niko tayari kuyatetea mbele ya chama cha picha na chama cha mjadala: lenzi iliyo pana kupindukia isivalishwe filta kwa mazoea. Ivalishwe kwa sababu, na sababu yenyewe mpiga picha aweze kuitaja.

Wahenga walisema kila chombo kwa wimbile. Lenzi nazo ziko hivyo hivyo. Lenzi ya kawaida ya milimita 50, katika kamera ya filamu ya milimita 35 au kamera ya kisasa ya ukubwa huo, huona pembe ya nyuzi 47 hivi, kutoka kona moja ya picha hadi kona ya pili. Lenzi ya milimita 16, ambayo ndiyo iliyotupiga sisi, huona nyuzi 107. Yaani inaona mbele na bado inachungulia pembeni, kama mwanafunzi anayeandika mtihani huku jicho likiwa kwa jirani. Uhondo wake wote uko hapo pembeni. Ukiziharibu pembe, umeinunua ya nini?

Filta huziharibu vipi? Kwanza, ni ule ukingo wake wa chuma. Kwa lenzi ya milimita 50 ukingo huo hauna neno, maana lenzi hauoni. Lakini lenzi inayochungulia pembeni huuona, na kona za picha huwa nyeusi. Ukikaza filta ya pili juu ya ya kwanza, ukingo huzidi kutokeza mbele, na giza huongezeka. Yetu ilikuwa na filta mbili. Najua kwa sababu mwaka uliofuata mpiga picha yule alirudi, nami nikajikaza nikamwuliza kwa heshima.

"Mzee, mbona lenzi yako ina vioo viwili juu?"

Akacheka. "Kijana wangu, kimoja ni cha kinga ya vumbi, na kingine ni cha kuipa anga rangi. Ukiona lenzi iko uchi, jua mwenyewe hana pesa."

Basi tuichukue hiyo ya kuipa anga rangi, kwa maana ndiyo inayowadanganya wengi. Inaitwa polaraiza. Tazama tena ile picha, mara hii juu ya vichwa vyetu. Anga imegawanyika. Katikati ni buluu nzito kama wino, na pande zote mbili imepauka kama maziwa yaliyotiwa maji. Je, siku ile mbingu ilikuwa na mistari? La hasha! Mwanga wa jua ukigonga hewa hutawanyika. Ule unaotoka sehemu ya anga iliyo nyuzi 90 kutoka kwenye jua hutufikia ukiwa unatikisika zaidi katika mwelekeo mmoja. Polaraiza hukata mwanga wa mwelekeo mmoja, kwa hiyo sehemu hiyo hugeuka nzito. Sehemu iliyo karibu na jua, na ile inayolikabili, hazibadiliki sana. Lenzi ya milimita 50 humega kipande kidogo tu cha anga, nawe huoni tofauti. Lenzi ya nyuzi 107 hubeba sehemu nzito na sehemu iliyopauka kwa pamoja, na picha huwa na doa.

Unaweza kujua doa litakaa wapi hata kabla ya kuishika kamera. Elekeza kidole cha shahada kwenye jua (usilikodolee macho!), simamisha kidole gumba kama mtoto anayecheza bastola, kisha zungusha mkono bila kukitoa kidole cha kwanza kwenye jua. Kila mahali gumba linapoelekea ndipo ulipo mkanda mzito.

Sisi tunaoishi katika Ikweta tuna jambo la ziada la kufikiria. Asubuhi na jioni, jua likiwa chini, mkanda huo hutoka upande wa kaskazini, hupita juu ya vichwa vyetu na kushukia kusini. Anayeelekeza lenzi pana kaskazini au kusini saa hizo ataunasa umesimama katikati ya picha. Ndivyo ilivyokuwa: saa mbili asubuhi, baada ya gwaride, kamera ikitazama kusini, jua likiwa kushoto kwa mpiga picha. Lakini adhuhuri, hasa karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba jua linapokuwa utosini, mkanda hushuka ukauzunguka upeo wa macho kama mshipi, na anga ya chini hushika rangi moja pande zote. Huko Ulaya jua halifiki utosini hata siku moja. Kwa hiyo kitabu cha upigaji picha kilichoandikwa huko tukisome, lakini tusikimeze kizima kizima.

Sababu yangu nyingine ni jua lenyewe. Lenzi pana mara nyingi hulibeba jua ndani ya picha, utake usitake. Kioo kisichopakwa dawa ya kuzuia mng'ao hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga katika kila uso wake, na filta ina nyuso mbili. Mwanga huo hurukaruka kati ya filta na lenzi, mwishowe ukatua pichani kama madoa ya ajabu. Filta bora zimepakwa dawa na hupunguza tatizo hili. Zile za bei ya kutupa, ambazo ndizo tunazozimudu, mara nyingi hazina.

Najua kuna atakayeniambia, "Wewe unaongea tu kwa sababu lenzi si yako. Ikikwaruzwa utalipa?" Hoja hii ina uzito, nami siidharau. Lenzi ni ghali, na vumbi la kwetu wakati wa kiangazi si mchezo. Aliye ufuoni Malindi huku chumvi ya bahari ikimrukia, na aivalishe lenzi yake kinga bila aibu. Lakini filta moja nyembamba na safi yatosha. Fauka ya hayo, lenzi ina kifuniko chake na ina kofia yake ya kuzuia jua, na vitu hivyo viwili huilinda bila kugusa picha. Ile filta ya kuzuia miale ya urujuanimno ilikuwa na kazi yake zama za filamu, kwani filamu iliihisi miale hiyo na picha za milimani zikatoka na ukungu. Kamera za kidijitali haziihisi sana. Wengi huikaza tu kwa kuwa walimwona mwingine amekaza.

Hata watengenezaji wenyewe wameonyesha njia. Lenzi ya Nikon ya milimita 14 hadi 24 iliyotoka mwaka 2007 ina kioo kilichofura mbele kama jicho la chura, na haina mahali pa kukazia filta. Anayeitaka lazima anunue kishikio kikubwa na vioo vyenye upana wa milimita 150. Lenzi ya Canon ya milimita 14 ya mwaka 1991 ina nafasi ya kuchomeka kipande cha jelatini kwa nyuma. Ukipenda boga, penda na ua lake.

Sisemi filta zote zitupwe. Ukienda Nyahururu kwenye Maporomoko ya Thomson, yenye kimo cha mita 74, na utake maji yaonekane kama pamba, utahitaji filta ya kijivu ili kamera iachwe wazi kwa muda mrefu. Hapo pana sababu. Lakini hata hapo lenzi pana ina gharama yake. Chukua ile kanuni ya Snell tuliyofundishwa katika fizikia. Mwanga wa kona, katika lenzi ya milimita 16, huingia kwenye kioo ukiwa umeinama kama nyuzi 53, kisha husafiri ndani yake njia iliyo ndefu kwa karibu asilimia 18 kuliko mwanga wa katikati. Filta inayopunguza mwanga kwa hatua 10 katikati hupunguza karibu hatua 12 konani. Kila hatua ni nusu ya iliyotangulia, kwa hiyo kona hupata takriban robo tu ya kile kinachopata katikati. Mpiga picha anayelijua hilo ataacha nafasi pembeni, akate kona baadaye.

Kwa picha ya shule hakuna sababu ya namna hiyo. Nyuma ya mpiga picha wetu palikuwa na uwanja mzima wa kandanda, mtupu! Safu ya watu yenye urefu wa mita 20, kwa lenzi ya milimita 16, humlazimu mtu asimame mita 9 hivi kutoka kwetu. Kwa lenzi ya milimita 35 angesimama mita 20 tu, na wa pembeni wasingetiwa giza wala kuvutwa nyuso kama chapati.

Kwa hivyo natoa ombi kwa walimu wetu na kwa chama cha picha. Kabla ya picha ya mwaka huu, kamera ielekezwe kwenye ukuta mweupe wa maabara, ipigwe mara moja na filta na mara moja bila filta, kisha kona zilinganishwe. Ni kazi ya dakika mbili. Kona zikiwa nyeusi, filta ivuliwe. Na kama uwanja uko wazi nyuma, mpiga picha arudi nyuma.

Mwalimu mkuu hukaa katikati, na katikati hapaharibiki kwa urahisi. Walioko kwenye kona ni wanafunzi wageni, wapishi na mabawabu. Wao nao waliamka mapema siku hiyo, wakachana nywele na kupiga viatu rangi. Nao pia wana mama zao watakaokuja siku ya wazazi kuwatafuta ukutani.