Je, Mazoea ya Kutunza Ngozi Yana Faida?

Siku ya wanafunzi wa zamani kijana mmoja wa kidato cha pili aliniuliza kwa adabu, "Mzee, kweli wewe na yule bwana mlisoma darasa moja? Mbona yeye aonekana kama mdogo wako?" Tulicheka sote, lakini swali lile nililala nalo. Leo naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nilijibu.

Wako wasemao kwamba uso ni majaliwa, na kuutunza ni kazi bure. Wengine husema ngozi nyeusi haizeeki. Maneno haya yana kweli kidogo. Nasaba ina nguvu, na weusi wetu ni ngao: huzuia sehemu kubwa ya miale ya jua, ndiyo maana makunyanzi hutuchelewa. Lakini kuchelewa si kutofika. Kwetu sisi jua mara nyingi huanza kwa kuleta mabaka na rangi isiyo sawa.

Tena jambo hili limepimwa. Huko Nambour, Australia, tangu 1992 hata 1996, watu wazima 903 walio chini ya miaka 55 waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine waliambiwa wajipake mafuta ya kukinga jua kila siku, wengine wajipake wapendavyo. Baada ya miaka minne na nusu, kuzeeka kwa ngozi za wale wa kila siku kulikuwa chini kwa asilimia 24 kuliko kwa wenzao. Habari hiyo ilitangazwa 2013. Najua wengi wao walikuwa Wazungu, basi tusiivae hesabu yao nzima nzima. Lakini fundisho twalipata: kilichowafaa ni kujipaka kila siku bila kuchoka.

Mazoea hujenga, na mazoea hubomoa. Mimi nilipopata mshahara wangu wa kwanza nilitamani uso mweupe. Nikajipaka dawa ya kujichubua asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka. Mwanzo nilisifiwa. Kisha mashavu yakatoka mabaka meusi ambayo hayajaondoka hata leo. Daktari alinieleza kwamba haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kuleta weusi uleule mtu anaoukimbia. Dawa kali za steroidi hufanya ngozi iwe nyembamba, na zebaki iliyomo katika baadhi ya vikopo hudhuru figo. Ngao yangu niliivua mwenyewe, nikasimama juani.

Mwenzangu yule hana siri. Huvaa kofia shambani, hutafuta kivuli saa za adhuhuri, hujipaka mafuta ya kawaida akitoka kuoga, na sigara hakuigusa kamwe.

Maoni yangu basi ni haya. Mazoea mema hayamrudishi mtu ujanani, ila humpunguzia uzee usiomlazimu. Enyi vijana, fedha mnazopewa na wazazi wenu msizitupe katika dawa za kujichubua. Na ninyi wenzangu wa zamani, mwenye mabaka asione haya. Aiache dawa hiyo na amwone daktari.

Samaki mkunje angali mbichi. Mimi nimekwisha kauka, ninyi bado.