Ukanda wa miti kuzunguka viwanda: kinga au pazia tu?

Abiria anayetoka kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, kwenda Lilongwe kwa barabara kuu ya M1 hupita Kanengo, eneo la viwanda lililopo kaskazini mwa mji mkuu wa Malawi. Hapo ndipo penye mnada wa tumbaku, viwanda vya kuchakata zao hilo na maghala. Msimu wa mauzo huanza karibu mwezi Aprili, wakati mvua zinapokwisha, na hivyo shughuli nyingi za tumbaku huangukia miezi ya kiangazi ambapo vumbi halina cha kulituliza.

Miongoni mwa tiba zinazopendekezwa kwa maeneo ya aina hii ni ukanda wa kijani, yaani safu kadhaa za miti na vichaka zinazopandwa kati ya kiwanda na makaazi ya watu. Ieleweke kwamba nchini Malawi jina hilo lina maana nyingine pia, kwani mpango wa serikali unaofahamika kama Greenbelt unahusu kilimo cha umwagiliaji.

Miti inaweza nini?

Miti hupunguza kasi ya upepo, na upepo ukipungua nguvu chembe za vumbi huanguka. Nyingine hunaswa na majani, hasa yenye vinyweleo au uso wa kukwaruza, kisha mvua huziosha hadi ardhini. Ndiyo maana nchini India, kwa miaka mingi, viwanda vingi vilipewa vibali vya mazingira kwa sharti la kutenga asilimia 33 ya eneo lao kwa ajili ya miti.

Hata hivyo, uwezo huo una mipaka. Gesi zitokazo kwenye dohani ndefu hupita juu ya matawi, na baadhi yake, kama gesi ya salfa, huidhuru miti yenyewe. Sumu inayosafiri kwa maji ya mfereji haizuiwi na majani.

Mombasa inatoa mifano miwili inayostahili kuwekwa bega kwa bega. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilipakana na nyumba za watu na kusambaza madini ya risasi hadi kilipofungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakaazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya mvutano wa rufaa Mahakama ya Juu iliithibitisha Desemba 2024. Hapo safu ya miti isingetosha, maana hapakuwa na nafasi ya kuipanda, na sumu ilipaswa kuzuiwa ndani ya kiwanda.

Kilomita chache kutoka hapo, huko Bamburi, kampuni ya saruji iliacha machimbo ya mawe yaliyokuwa jangwa. Kuanzia mwaka 1971 mtaalamu René Haller alijaribu aina 26 za miche, na ni tatu tu zilizohimili, mvinje ukiwa mmojawapo. Majongoo yaliletwa kula majani makavu ya mvinje na kuyageuza kuwa udongo. Leo pahala hapo ni msitu unaotembelewa na umma. Siri yake ilikuwa subira, na kampuni iliyogharamia kazi hiyo mwaka baada ya mwaka.

Upepo, majira na kuni

Kwa Lilongwe, jambo la kwanza ni upepo. Katika miezi ya baridi na ukavu, pepo aghalabu huvuma kutoka kusini-mashariki, hivyo ukanda wenye manufaa ni ule unaosimama upande wa kaskazini-magharibi wa kiwanda. Miti iliyopangwa kando ya lango kuu hupendeza macho tu.

Jambo la pili ni aina ya miti. Mingi ya asili katika nyanda hizi hupukutisha majani kiangazi, wakati vumbi limeshamiri. Inayobaki na majani mwaka mzima, kama mjohoro, inafaa zaidi.

La tatu ni kuni. Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu wapatao elfu kumi, na sasa ina zaidi ya elfu hamsini. Wakaazi wake wanajua jinsi mti ulio karibu na watu wengi wasio na nishati nyingine unavyogeuka kuni. Nje kidogo ya Lilongwe, ambako mkaa ndio nishati ya wengi, ukanda usio na mlinzi wala mmwagiliaji hautafika mwaka wa tatu.

Gharama hiyo ni ya nani? Ikiwa mwenye kiwanda atapanda miche siku moja mbele ya kamera na kuchelewesha vichujio vya moshi, ukanda utakuwa pazia. Vichujio vitangulie, umbali kati ya kiwanda na makaazi ufuate, kisha miti imalizie kazi iliyosalia.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Malawi ya mwaka 2017 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama. Malawi imeweka mipaka juu ya ajira na makaazi ya wakimbizi, lakini sheria hiyo inasema kila mtu, haisemi kila raia. Mkongomani au Mrundi anayeishi nchini humo ana sababu sawa na jirani yake Mmalawi ya kuuliza, kiwanda kipya kinapopangwa, moshi wake utaelekea wapi.