Ufunguzi wa Sataranji kwa Mtoto Anayeanza

Huenda nawe una kijana aliyejiunga na klabu ya sataranji shuleni kwake au mtaani, naye akarejea nyumbani Jumamosi jioni amenuna. Ukimwuliza kulikoni, atakwambia kwamba amefungwa kwa hatua nne tu, tena mbele ya wenzake, na hataki kurudi huko. Usilipuuze neno hilo. Mtoto hahesabu hatua alizocheza vizuri. Huhesabu vicheko alivyovisikia.

Mbinu iliyomwangusha ni ya zamani na yajulikana duniani kote. Ili tuelewane, kumbuka kwamba miraba 64 ya ubao hutajwa kwa herufi a hadi h, kuanzia kushoto kwa mwenye kete nyeupe, na kwa tarakimu 1 hadi 8, kuanzia kwake kwenda mbele. Mwenye nyeupe humsogeza askari wa mfalme hadi e4, na mweusi humjibu kwa askari wake e5. Kisha askofu mweupe hutoka mpaka c4 (Waarabu kete hiyo huiita tembo, na kwa kweli yafanana zaidi na tembo), naye mweusi humtoa farasi c6. Sasa malkia mweupe hurukia h5. Mwanao hapo hufurahi, kwa maana aona nafasi ya kumtisha malkia kwa farasi wake wa pili, f6. Ndipo malkia anapomla askari wa f7, na mchezo umekwisha. Mfalme hawezi kumla malkia huyo, maana askofu wa c4 anamlinda kutoka mbali.

Askari wa f7, mwanzoni mwa mchezo, hulindwa na mfalme peke yake. Wala hana mlinzi mwingine. Mtoto akilishika hilo, hafungwi tena kwa njia hii. Malkia akija h5, mweusi na asogeze askari wa g hadi g6. Malkia atarudi f3, akitazama f7 ile ile, na sasa ndipo farasi atoke f6 na kuziba njia. Tazama faida yake: mweusi ametoa farasi wawili, na malkia mweupe amekalia mraba ambao farasi wake mwenyewe aliuhitaji. Mshambuliaji amepoteza wakati, na wakati katika sataranji ni mali.

Baada ya aibu kama hiyo, watoto wengi huomba kitabu cha fungua-michezo, nao huanza kukariri majina: Mhispania, Msisilia, Mfaransa na kadhalika. Mimi siafiki jambo hili kwa anayeanza. Mwenye nyeupe ana njia 20 za kuianza zamu yake ya kwanza, na mweusi ana 20 za kumjibu, yaani hali 400 kabla mtu hajacheza mara ya pili. Aliyekariri hatua nane bila kujua sababu zake hupotea pale mpinzani anapocheza hatua ambayo haimo kitabuni, na katika klabu za watoto hatua hiyo huja mapema sana. Bobby Fischer wa Marekani, aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia mwaka 1972, alichoshwa mno na ukariri wa wakubwa wenzake hata mwaka 1996 akatangaza mchezo ambao kete za nyuma hupangwa kwa kura, kwa mipangilio 960.

Kwa mtoto, ufunguzi mmoja watosha kwa miezi kadhaa, nami napendekeza ule uitwao wa Kiitaliano, ambao umo katika maandishi ya Gioachino Greco ya karne ya 17. Askari e4, askari e5. Farasi mweupe f3, akimtisha askari wa e5. Farasi mweusi c6, akimlinda. Askofu mweupe c4. Kila hatua hapa ina kazi ambayo mtoto wa miaka minane aweza kuieleza: kushika katikati ya ubao, kutoa kete moja kila zamu, na kumwandalia mfalme njia ya kujificha. Kwa kuwa farasi na askofu wameondoka, mfalme aweza kusogea miraba miwili kuelekea ngome, nayo ngome ikamruka ikakaa upande wake wa pili, mradi wote wawili hawajasogea kamwe, mfalme hayumo katika kutishwa, wala hapiti penye hatari.

Mtego upo hata huku. Mweusi akicheza farasi f6, mweupe aweza kumpeleka farasi wake g5, na f7 ikawa na maadui wawili. Mweusi humjibu kwa askari d5, na mweupe humla. Ikiwa mweusi atalipiza kwa kumla askari huyo kwa farasi, mweupe atamtoa farasi wake mhanga pale f7 na kumburuta mfalme uwanjani. Waitaliano wameyaita mashambulizi haya kwa jina la pishi la maini! Mweusi na apeleke farasi wa c6 ukingoni, a5, amfukuze askofu kwanza.

Huenda ukasema, “Mimi mchezo huu siujui, nitamsaidiaje?” Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, alijifunza sataranji katika kikundi cha watoto chini ya Robert Katende, mahali ambapo watoto walipata pia uji, na aliyemwonyesha jinsi kete zinavyotembea alikuwa msichana mdogo kuliko yeye. Mwaka 2010 aliichezea Uganda katika Olimpiadi ya sataranji huko Urusi, na mwaka 2016 filamu ya maisha yake ikatolewa. Basi kaa na mwanao baada ya chakula cha jioni, umwombe akufundishe. Kila anaposogeza kete, mwulize, “Kwa nini hapo?” Akishindwa kujibu, msimcheke, rudisheni kete mahali pake ajaribu tena. Ubao mwaweza kuuchora juu ya boksi, na vizibo vya soda vikawa kete kwa kubandikiwa vipande vya karatasi vyenye picha.

Mnunulie pia daftari dogo, aandike hatua zake zote klabuni, za ushindi na za kushindwa. Jumapili fungueni pamoja zile kumi za mwanzo tu. Ukiona malkia ametoka kabla ya farasi, weka alama ya kuuliza pembeni, umwachie aitafute sababu mwenyewe.