Tufani za Ziwa na Onyo la Kuaminika

Mvuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa giza, ili taa zake zipate kuwavuta samaki. Na usiku ndio wakati ambao Ziwa Victoria huchafuka. Mchana mawingu ya radi hujengeka juu ya nchi kavu. Usiku mambo hugeuka: pepo za nchi kavu hutoka pande zote, zikakutana juu ya maji yenye vuguvugu, na tufani ikainuka hapo hata alfajiri. Kwa hiyo usahihi wa onyo la tufani si shauri la wataalamu peke yao. Ni shauri la uhai wa mfanyakazi.

Wako wasemao kwamba watabiri hubahatisha tu. Maneno hayo si ya haki. Mwaka 2016 ulichapishwa uchunguzi ulioonyesha kwamba ngurumo za alasiri katika nchi kavu ilizungukayo ziwa ni dalili njema ya tufani kali za usiku. Lakini kujua kwamba usiku utakuwa mbaya ni jambo moja. Kujua kama ubaya huo utaiangukia Ukerewe ama Musoma ni jambo jingine kabisa, maana wingu moja la radi huweza kukua na kufa katika muda wa saa moja.

Hapo ndipo rada itakiwapo, kama ile ya Mwanza. Nayo ina mipaka yake. Dunia ni mviringo, na mwali wa rada huzidi kupanda kadiri uendavyo mbali: mwali ulioelekezwa nusu digrii juu ya upeo, ukifika kilometa 200, umekwisha kupanda kama kilometa 4. Yaliyo chini yake hauyaoni, na upepo upinduao mitumbwi uko chini.

Tazameni Marekani, nchi yenye rada nyingi. Huko onyo la tufani kali hutolewa upepo unapotazamiwa kufikia maili 58 kwa saa, au mvua ya mawe yenye kipenyo cha inchi 1. Zamani liliwapigia kelele watu wa wilaya nzima. Tangu Oktoba 2007 huchorwa eneo la njia ya tufani peke yake. Mwaka 2010 kipimo cha mawe kilipandishwa kutoka robo tatu ya inchi, kwani onyo la kila siku huchosha masikio. Na hata huko, tufani iliyoonywa ikipiga mahali pasipo mtu wa kuleta habari, onyo lake huhesabiwa kuwa la uongo!

Sisi watu tunao. Kila mwalo una wavuvi, na wengi wana simu. Ila habari hutoka ofisini kwenda mwaloni, wala hairudi. Tena tusiwaite wakaidi wanaopuuza onyo. Baharia hulipwa kwa fungu la mavuno ya usiku ule. Onyo lisipotimia, hasara ni yake, si ya mtabiri.

Twaitaka Mamlaka ya Hali ya Hewa iwape viongozi wa mialo kazi rasmi ya kupeleka habari kila asubuhi: upepo ulivuma saa ngapi, kutoka wapi, ukafanya nini. Na onyo litaje sehemu ya ziwa na saa, kwa Kiswahili cha wavuvi, kabla taa hazijawashwa.