Guild Wars 3: Wachezaji wanautaka mchezo mpya, lakini nani atalinda ule wa zamani?

Habari ya Guild Wars 3 haikuanzia kwa wachezaji. Ilianzia Korea Kusini, mwezi wa tatu mwaka 2024, katika mkutano wa wenye hisa wa kampuni ya NCSOFT, pale mmoja wa viongozi wake, Park Byung-moo, alipoutaja mchezo huo kuwa miongoni mwa kazi zinazotayarishwa. Wenye hisa walisikia kwanza. Waliotumia usiku wao kwa karibu miaka ishirini katika ulimwengu wa Tyria walisikia baadaye, kwa kupitia vyombo vya habari. Tangu siku hiyo wachezaji wana furaha na wasiwasi kwa pamoja, na wasiwasi wao unastahili kusikilizwa kuliko unavyosikilizwa.

Kwa asiyeijua michezo hii: Guild Wars ni ulimwengu wa kubuni wa mtandaoni, wenye wachawi, mazimwi na falme zilizoanguka, ambamo maelfu ya watu wa nchi mbalimbali wanaingia kwa wakati mmoja, kila mtu na mhusika wake. Unatengenezwa na studio ya ArenaNet ya jimbo la Washington, Marekani, ambayo NCSOFT iliinunua mwaka 2002. Mchezo wa kwanza ulitoka mwezi wa nne 2005, wa pili tarehe 28 mwezi wa nane 2012. Wakati wakubwa wengine wa aina hiyo walikuwa wakidai malipo ya kila mwezi, Guild Wars iliuzwa mara moja tu: ukishanunua, unaingia unapotaka. Na mchezo wa kwanza uliundwa hata kwa mtu mwenye mtandao wa polepole, wa waya wa simu. Kwa watu wanaonunua mega kidogo kidogo, hilo si jambo dogo.

Sasa, wanaoungojea mchezo wa tatu si kundi moja, na hapo ndipo ugumu unapoanzia.

Kuna watu wa 2005. Kwao utamu wote ulikuwa katika kupanga mbinu. Mchezo ulikuwa na ujuzi zaidi ya 1,000, lakini kabla ya kutoka mjini kwenda vitani ulichagua 8 tu, kutoka fani mbili ulizoziunganisha mwenyewe. Mtu aliweza kukaa jioni nzima akiondoa ujuzi mmoja na kuweka mwingine, na kesho yake mpinzani akaja na mchanganyiko ambao hakuna aliyekuwa ameuwaza. Vyama viwili vilikutana, watu 8 kwa 8, kila kimoja kikilinda ngome yake. Kiwango cha juu cha mhusika kilikuwa 20 na kilifikiwa upesi, kwa hiyo aliyeshinda ni yule aliyefikiri vizuri zaidi pamoja na wenzake. Mwaka 2012 mengi ya hayo yaliondoka. Fani ya pili ilitoweka, silaha uliyoshika ndiyo ikaanza kukuamulia nusu ya ujuzi wako, na vita vya vyama kama walivyovijua havikuwepo mchezo ulipotoka. Baadhi ya watu hao walirudi kwenye mchezo wa kwanza, na wako huko hadi leo. Hawa wanaomba mchezo wa tatu uwarudishie kile ambacho wa pili uliwanyima.

Halafu kuna watu wa 2012, ambao ni wengi, na ambao wengi wao hawakuwahi kuugusa mchezo wa kwanza. Wao wanapenda mambo mengine kabisa. Wanapenda kwamba ukikutana na mtu usiyemjua porini, huna sababu ya kumwogopa: adui mmoja anawapa wote wawili zawadi, jiwe la madini ulilolichimba wewe na yeye bado atalichimba, na ukianguka mpita njia yeyote anaweza kukuinua. Wanapenda wanyama wa kupanda walioletwa mwaka 2017, kila mmoja akitembea kwa namna yake, mpaka wapo wanaoingia kwa ajili ya kuruka milima tu. Zaidi ya yote wanapenda jambo moja ambalo michezo mingi ya aina hii imelikataa: kazi yao haifutwi. Kiwango cha juu kilikuwa 80 siku ya kwanza, na kimebaki 80 baada ya nyongeza za 2015, 2017, 2022 na zile zilizokuja baadaye. Mtu aliyepata vifaa bora miaka kumi iliyopita, akaacha kucheza, akaoa, akazaa, akarudi, anavikuta bado ni bora.

Na mchezo mpya, kwa asili yake, unafuta kila kitu. Siku ya kwanza ya Guild Wars 3 aliyetumia miezi akitengeneza silaha moja ya hadithi na aliyejiandikisha asubuhi ile watasimama mstari mmoja. Kwa mchezo mwingine wowote hilo ni jambo la kawaida, hata la haki. Kwa mchezo uliojenga jina lake juu ya ahadi ya kuheshimu muda wa mtu, ni mtihani. Watu hawa wanatamani ulimwengu mpya, michoro mipya, mitambo inayolingana na kompyuta za leo. Ila wanajua vizuri kwamba kinachowafanya wautamani ni kitu ambacho ujio wake unaweza kukimaliza.

Wanaowaita walalamikaji wanadhani hofu yao ni ya kufungiwa mchezo ghafla. Waliokuwepo wakati ule wanakumbuka kitu cha polepole zaidi. Guild Wars 2 ilitangazwa mwezi wa tatu 2007. Mwaka huohuo, mwezi wa nane, mchezo wa kwanza ulipata nyongeza yake ya mwisho kubwa, Eye of the North. Kisha ikapita miaka mitano. Mafundi walihamia kazi mpya, mchezo wa zamani ukapewa visa vidogo vya hapa na pale, miji iliyojaa watu ikaanza kuwa na nafasi. Hakuna aliyefukuzwa. Mlango ulibaki wazi, taa zikawaka, lakini hakuna jipya lililoletwa la kuwarudisha watu mezani. Mchezo wa mtandaoni ukikosa watu haubaki nusu mchezo. Vita vya watu 8 kwa 8 haviwezekani wakiwa 11. Hicho ndicho wachezaji wa Guild Wars 2 wanachokichungulia kila nyongeza mpya inapotoka: je, hii ni fupi kuliko ile ya kabla? Sehemu ya mafundi tayari iko kwenye meza nyingine?

Na kuhusu kufunga moja kwa moja, NCSOFT ina historia yake. Tarehe 31 mwezi wa nane 2012, siku tatu tu baada ya Guild Wars 2 kufunguliwa kwa shangwe, kampuni ilitangaza kwamba inaufunga City of Heroes, mchezo wa mashujaa uliokuwa na jamii yake tangu 2004. Ilipofika tarehe 30 mwezi wa kumi na moja seva zilizimwa. Watu waliokuwa wamekutana humo, wengine wameoana humo, walikusanyika usiku wa mwisho wakiwa wameshika mienge ya kuchora. Mwaka 2018 ikawa zamu ya WildStar, mchezo mwingine wa kampuni hiyohiyo. Mwezi wa pili 2019 ilifika ArenaNet yenyewe: wafanyakazi zaidi ya 100 walipunguzwa, na kazi ambazo umma haukuwahi kuziona zikaachwa.

Ni kweli pia kwamba mwezi wa kwanza 2024 NCSOFT iliwapa kibali rasmi wapenzi wa City of Heroes ambao walikuwa wameufufua wenyewe. Ni jambo jema, na kampuni chache zimewahi kulifanya. Ila miaka kumi na moja ilikuwa imepita, na waliouhifadhi ni wachezaji, si mwenye mali.

Mfano mbaya zaidi wa mwendelezo unatoka mahali pengine. Asheron's Call 2 ilitoka mwaka 2002 ili iurithi mchezo uliopendwa wa 1999. Mwishoni mwa 2005 ikafungwa, wakati ule wa kwanza ulikuwa bado unaendelea, na ukaendelea hadi mwezi wa kwanza 2017. Mtoto alitangulia kuzikwa kabla ya mzazi. EverQuest ilikuwa na bahati nyingine: ule wa 1999 na ule wa 2004 yote iko hai hadi leo, lakini wa pili haukuwahi kuchukua nafasi ya wa kwanza kama ilivyotarajiwa, kwa sababu majuma machache baada ya kutoka kwake ilifika World of Warcraft ikachukua kila mtu. Kwa hiyo anayesema kwamba mchezo mpya ni maendeleo ya lazima hajaitazama orodha hiyo.

Shaka nyingine ni ya pesa. Utajiri wa NCSOFT ulijengwa na Lineage, na matoleo ya Lineage ya kwenye simu yalijulikana Korea kwa kuuza bahati: unalipa bila kujua utapata nini, hupati, unalipa tena. Uchungu wa wachezaji wa Korea ulikuwa mkubwa hadi serikali ikaingia. Tangu tarehe 22 mwezi wa tatu 2024 sheria ya huko inalazimisha kampuni kutangaza uwezekano wa kila kitu kinachouzwa kwa bahati. Ni mwezi uleule Guild Wars 3 ilipotajwa mbele ya wenye hisa. Guild Wars 2 nayo ina duka lake na masanduku yake ya bahati, lakini kinachouzwa zaidi ni mavazi na wepesi wa maisha, na dhahabu ya mchezoni inaweza kubadilishwa kwa fedha ya duka. Wachezaji wamelivumilia kwa sababu nguvu ya vitani haiuzwi. Kama mchezo wa tatu utavuka mstari huo, jina la Guild Wars halitausaidia.

Upande wa ArenaNet kuna jambo moja la kuwapa watu moyo, nalo lina uzito kuliko hotuba. Mchezo wa 2005 haujafungwa. Zaidi ya miaka ishirini baadaye bado unaingilika, bila malipo ya mwezi, na mwezi wa kumi na mbili 2025 studio ilitoa Guild Wars Reforged, toleo lililonolewa upya, ambalo waliokuwa na mchezo tangu zamani walilipata bila kulipa tena. Studio nyingine ingeuacha ufe taratibu na kulaumu uzee wake.

Lakini mapenzi ya studio si mkataba, na mwenye funguo za seva ni kampuni mama. Mwaka 2025 watu zaidi ya milioni moja wa Umoja wa Ulaya walitia sahihi ombi la Stop Killing Games, linalotaka michezo iliyouzwa isiuawe ovyo na walioiuza. Ombi hilo linawahusu wachezaji wa Tyria moja kwa moja. Kabla ya kuonyesha zimwi jipya au mji mpya, kampuni ingeweza kuandika mambo matatu: Guild Wars 2 itahudumiwa kwa miaka mingapi baada ya wa tatu kutoka, nini kitafanyika siku seva zikizimwa, na nini kitavuka kutoka mchezo mmoja kwenda mwingine.

Hilo la mwisho si la kubuni. Mwaka 2007 ArenaNet iliwajengea wachezaji ukumbi wa kumbukumbu, Hall of Monuments, ambamo sanamu, mavazi na ushindi wa mchezo wa kwanza viliwekwa. Miaka mitano baadaye waliingia mchezo wa pili wakiwa na silaha, wanyama na majina ya heshima ambayo mgeni hakuweza kuyapata. Hayakumpa mtu nguvu yoyote ya ziada. Yalisema tu kwamba alikuwepo. Wachezaji wa leo wanauliza kama ukumbi kama huo unajengwa tena, na swali hilo studio inaweza kulijibu bila kuonyesha picha hata moja ya Guild Wars 3.